Vechirniy Kvartal: jukwaa la vichekesho lililobeba siasa na lugha ya Ukraine

Watu wengi nje ya Ukraine walimfahamu Volodymyr Zelensky Februari 2022, Urusi ilipoivamia nchi yake, na maelezo waliyopewa yalikuwa ya sentensi moja: ni mchekeshaji aliyeigiza urais kwenye televisheni, kisha wananchi wakampa urais wa kweli. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba inawafanya Waukraine waonekane watu waliochezea kura zao, na inakiruka kipindi cha televisheni ambacho kwa miaka kumi na minne kabla ya uchaguzi ule kilikuwa kikiingia sebuleni mwao kwa nyimbo, maigizo mafupi na mzaha juu ya wakubwa wa nchi.

Kipindi hicho kinaitwa Vechirniy Kvartal. Kilianza mwaka 2005 kwenye kituo cha Inter, na kutoka 2012 kikahamia 1+1. Kwa kawaida kilirekodiwa mbele ya watazamaji katika Jumba la Ukraina mjini Kyiv, ukumbi mkubwa wa enzi ya Kisovieti uliofunguliwa mwaka 1970. Wachekeshaji wanatoka wamevaa suti, wanaanza kwa maneno juu ya habari za wiki, kisha yanafuata maigizo ya dakika chache: rais na mkewe mezani, wabunge wanagawana mali, daktari na mgonjwa asiye na pesa ya rushwa. Katikati kuna nyimbo zinazojulikana na kila mtu, ila maneno yamebadilishwa ili yamchome waziri fulani. Mwishoni kundi zima linasimama pamoja kuimba, na mara nyingi wimbo huo wa kufungia hauna mzaha hata kidogo. Safu za mbele waliketi wanasiasa na mabilionea wenyewe, na kamera ilijua wakati wa kuwageukia ili nchi ione nani anacheka na nani anajilazimisha kucheka.

Kwa juu ni burudani tu. Ndani yake, hata hivyo, yamefungwa mambo ambayo mgeni huyachanganya kwa urahisi: nani ana haki ya kumcheka mtawala, kituo cha televisheni ni cha nani, na Mukraine akiwa jukwaani anachekesha kwa lugha gani. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na nitalikalia kuliko mengine.

Chimbuko la kundi ni Kryvyi Rih, mji wa migodi na viwanda vya chuma kusini-mashariki mwa nchi, ambako Zelensky alizaliwa Januari 1978. Kvartal 95 ni jina la mtaa wa mji huo. Vijana hawa walijifunza kazi katika KVN, mashindano ya vichekesho yaliyoanza kwenye televisheni ya Kisovieti mwaka 1961, yakasimamishwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, yakarudi 1986. KVN ni ligi kamili: timu za vyuo na miji zinashindana kwa majibu ya papo kwa papo, maigizo na nyimbo zilizogeuzwa maneno. Timu zilitoka Baku, Yerevan, Odesa, Minsk, na hata baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 ziliendelea kukutana Moscow. Zelensky alikuwa katika timu ya Zaporizhzhia–Kryvyi Rih–Tranzit iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 1997. Baadaye akaiongoza timu ya Kvartal 95 hadi 2003, walipoachana na KVN na kuanzisha studio yao pamoja na ndugu wawili, Serhiy na Borys Shefir.

KVN iliwapa ufundi. Iliwapa pia lugha, kwa sababu ilichezwa kwa Kirusi, mtangazaji wake mkuu alikuwa Mrusi, na soko la vichekesho lilianzia Kyiv likaishia Vladivostok. Studio ya Kvartal 95 ilipoanza kutengeneza tamthilia ilifuata soko hilo hilo. Svaty, tamthilia ya kifamilia ya wakwe wanaogombania mapenzi ya mjukuu, ilianza 2008 ikiwa na waigizaji wa Urusi na wa Ukraine, na ikapendwa sana pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2017 Ukraine iliipiga marufuku kwa sababu mwigizaji wake mkuu, Mrusi, alikuwa ameunga mkono kutwaliwa na Urusi kwa rasi ya Crimea, eneo la Ukraine. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa 2019. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini kipindi maarufu kabisa cha Ukraine kilizungumza Kirusi kwa miaka mingi, jibu la kwanza ni la kibiashara. Lakini biashara haikuanza kwenye ardhi tupu.

Mwaka 1876 Tsar Alexander II wa Urusi, dola iliyotawala sehemu kubwa ya Ukraine wakati ule, akiwa mapumzikoni katika mji wa Ems, Ujerumani, alitia saini amri iliyopiga marufuku kuchapisha vitabu kwa Kiukraine, kuviingiza kutoka nje, kuigiza michezo kwa lugha hiyo, na hata kuchapisha maneno ya nyimbo chini ya nota za muziki. Miaka mitano baadaye amri ililegezwa kidogo: mchezo wa Kiukraine ungeweza kuigizwa kwa kibali cha gavana. Masharti yaliyobaki yanaeleza mengi kuliko marufuku yenyewe. Usiku wa mchezo wa Kiukraine ulitakiwa uwe pia na mchezo wa Kirusi. Udhibiti haukutaka kusikia daktari, mwalimu au afisa akizungumza Kiukraine jukwaani. Mkulima aliruhusiwa. Wimbo wa harusi uliruhusiwa, na ngoma, na mlevi wa kijijini anayechekesha.

Wasanii walifanya maajabu ndani ya uzio huo. Mwaka 1882 Marko Kropyvnytskyi alianzisha kundi la maigizo katika mji wa Yelysavethrad, na humo wakang'ara kina Maria Zankovetska na Mykola Sadovskyi, waigizaji ambao hata hadhira ya Saint Petersburg iliwashangilia. Ila mazoea yaliota mizizi: Kiukraine ni lugha ya kuimbia na kuchekeshea, na mambo mazito yasemwe kwa Kirusi. Waukraine wana neno la dharau kwa picha hiyo, sharovarshchyna, kutokana na suruali pana za Wakozaki, wapiganaji wa zamani wa Ukraine. Wanalitumia kila wanapoona utamaduni wao umepunguzwa ukawa suruali nyekundu, shati la nakshi, chupa ya pombe kali ya horilka na kicheko cha mtu mnene.

Kulikuwa na wakati ambapo mambo yangeweza kwenda njia nyingine, na habari hii ningependa ijulikane zaidi. Katika miaka ya ishirini Kharkiv ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Ukraine ya Kisovieti, na sera ya wakati ule iliruhusu Kiukraine kiingie mashuleni, ofisini na jukwaani. Mkurugenzi Les Kurbas aliongoza huko kundi la Berezil. Mwaka 1929 Berezil walitoa onyesho la mseto wa nyimbo, dansi na mzaha lililoitwa Alo, na khvyli 477, jina lililotokana na mawimbi ya redio, likiwa na muziki wa jazi wa Yuliy Meitus. Lilikuwa onyesho la mjini kabisa: redio, mitindo, kejeli juu ya maisha ya watu wa Kharkiv, na yote kwa Kiukraine. Hapakuhitajika mkulima wala mkufu wa shanga ili lugha hiyo ipate ruhusa ya kusikika. Miaka minne baadaye Kurbas aliondolewa kwenye uongozi wa jumba lake na kukamatwa. Novemba 1937 alipigwa risasi huko Sandarmokh, Karelia, yeye na mwandishi Mykola Kulish ambaye michezo yake aliiongoza. Pamoja nao waliuawa waandishi na wasomi wengine wengi wa kizazi hicho. Waukraine wanakiita kizazi hicho Uamsho Uliouawa.

Kilichosalimika ni kile ambacho dola ilikiona salama. Kundi kubwa la ngoma liliundwa 1937, mwaka ule ule wa risasi. Kwaya ya Veryovka iliundwa 1943. Sizidharau kazi zao, maana sauti za kwaya ile zinaweza kumsimamisha mtu nywele, na nyimbo nyingi za vijijini zingepotea bila wao. Lakini ziliwekwa mahali pake: pambo la taifa moja kati ya mataifa ndugu.

Upande wa vichekesho, nafasi hiyo ilijazwa na Tarapunka na Shtepsel, wachekeshaji wawili waliopendwa mno kuanzia miaka ya vita hadi kifo cha Tarapunka mwaka 1986. Yuriy Tymoshenko, mrefu mwembamba kutoka Poltava, ndiye aliyekuwa Tarapunka, akizungumza Kiukraine. Yukhym Berezin, mfupi mnene kutoka Odesa, alikuwa Shtepsel, akizungumza Kirusi. Walikuwa mahiri kweli, na mamilioni ya watu mbali na Ukraine walikisikia Kiukraine kwa mara ya kwanza kupitia Tarapunka. Wakati huo huo walikisikia kikitoka kinywani mwa yule wa kuchekwa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1991 mtindo huo haukufutika kwa siku moja. Andriy Danylko, naye mzaliwa wa Poltava, alimbuni Verka Serduchka, mhudumu wa behewa la treni mwenye mdomo mrefu anayezungumza surzhyk, mchanganyiko wa Kiukraine na Kirusi unaosikika sokoni na vijijini. Verka alipewa kipindi chake kwenye 1+1 mwishoni mwa miaka ya tisini, na 2007 akaipatia Ukraine nafasi ya pili Eurovision kule Helsinki, kichwani amevaa nyota ya fedha. Kuna Waukraine waliomwona kuwa aibu ya taifa, na kuna waliosikia kwa mara ya kwanza mama zao na shangazi zao wakizungumza kwenye televisheni bila kurekebishwa. Naona wote walikuwa wanamsikia mtu yule yule, ila kila mmoja alikuwa na jeraha lake.

Sasa turudi Jumba la Ukraina. Kundi la Kvartal lilikuwa na Olena Kravets, kwa miaka mingi mwanamke pekee katika safu ya mbele, na Yevhen Koshovyi mwenye kipara kilichokuwa mzaha wa kudumu, na Oleksandr Pikalov, na Yuriy Krapov. Olena Zelenska, ambaye sasa anajulikana kama mke wa rais, alikuwa miongoni mwa waandishi wa maigizo. Waliwaiga marais Yushchenko, Yanukovych na Poroshenko, na waziri mkuu Yulia Tymoshenko, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyefanikiwa kuwafunga mdomo. Jambo hilo lisipitwe haraka. Urusi nako kulikuwa na kipindi cha vikaragosi cha NTV kilichowakejeli viongozi, kilichoitwa Kukly. NTV ilichukuliwa na kampuni ya serikali ya Gazprom mwaka 2001, na mwaka uliofuata Kukly ikatoweka hewani. Nchi mbili zilizorithi KVN ile ile ziliachana njia hapo. Mtoto wa Ukraine aliyekua kati ya 2005 na 2019 alimzoea rais anayechekwa, na mtoto wa Urusi alisahaulishwa kwamba jambo hilo linawezekana.

Uhuru huo haukutokana na wema wa wenye vituo. Televisheni kubwa za Ukraine zilikuwa mikononi mwa mabilionea waliogombana wao kwa wao, na kila mmoja alifurahi kuona adui yake anachekwa. Kituo cha 1+1 kilikuwa cha Ihor Kolomoisky. Kwa kuwa hapakuwa na mmiliki mmoja, mzaha ulipata mwanya. Lakini mwanya unaotolewa na bilionea huwa na bei yake, na jambo hilo lilikuja kuonekana.

Katika mzaha wenyewe, mazoea ya karne nzima yalikuwa yakifanya kazi kimya kimya. Wasanii walizungumza Kirusi, na Kiukraine kilipojitokeza mara nyingi kilikuwa cha mhusika wa magharibi mwa nchi mwenye lafudhi nzito, au cha afisa mnafiki anayebadilisha lugha akiona kamera. Siamini kwamba kundi lilikusudia kuidhalilisha lugha ya nchi yao. Baada ya Urusi kuivamia Donbas, mashariki mwa Ukraine, mwaka 2014 walikwenda kuwatumbuiza askari karibu na mstari wa mbele, na nyimbo zao za kufungia zilikuwa za mapenzi ya kweli kwa Ukraine. Lakini mtu anaweza kuipenda nchi yake na bado akacheka pale alipofundishwa kucheka, na lawama ya wasanii wa Kiukraine dhidi ya Kvartal ilikuwa hiyo, nami naiona ya haki.

Novemba 2015 studio ilianza kuonyesha tamthilia ya Sluha Narodu, maana yake Mtumishi wa Watu. Zelensky aliigiza mwalimu wa historia anayefoka darasani juu ya ufisadi. Mwanafunzi anamrekodi kwa siri, video inasambaa, na mwalimu anajikuta rais. Watu hawakumchukulia Zelensky kama mgeni aliyetoka hewani. Walikuwa wamemsikia kwa miaka kumi akiwataja wezi kwa majina mbele ya wezi wenyewe. Kwa hiyo chama kiliposajiliwa kwa jina la tamthilia hiyo, kikiongozwa kwanza na Ivan Bakanov wa Kvartal 95, wengi walidhani ni mbinu ya kulinda jina la biashara. Usiku wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2018, saa ambayo kwa desturi rais hulihutubia taifa, 1+1 ilimwonyesha Zelensky akitangaza kugombea.

Kampeni yake ilikuwa mwendelezo wa kipindi. Badala ya mikutano ya hadhara, kundi lilizunguka mikoani na matamasha. Msimu wa tatu wa tamthilia ulianza kuonyeshwa siku chache kabla ya raundi ya kwanza ya Machi 31, 2019, na siku ya ukimya, ambapo kampeni hairuhusiwi, 1+1 ilijaza ratiba na vipindi vyake vya vichekesho. Hapo ndipo bei ya mwanya ilipolipwa, na wapinzani wake hawakukosea kulalamika. Katika raundi ya pili, Aprili 21, alipata zaidi ya asilimia 73. Julai chama chake kikapata viti 254 bungeni, wingi ambao hakuna chama kilichowahi kuupata tangu uhuru. Sheria ya lugha ya taifa, inayotaka Kiukraine kitumike katika shughuli za umma, ilikuwa imepitishwa siku nne tu baada ya ushindi wake, Aprili 25, ikatiwa saini na Poroshenko kabla ya kuondoka. Mwezi uliofuata Zelensky alikula kiapo kwa Kiukraine, lugha ambayo jukwaani aliitumia kidogo.

Kisha kipindi kikabaki na swali ambalo hakikuwahi kulijibu: unamchekaje mtawala akiwa ni ndugu yako? Bakanov alikuwa amepewa idara ya usalama, na Serhiy Shefir alikuwa msaidizi wa kwanza wa rais. Oktoba 2019 jibu lilikuja vibaya. Septemba ya mwaka huo nyumba ya Valeria Hontareva, gavana wa zamani wa Benki Kuu, ilikuwa imechomwa moto karibu na Kyiv. Ni yeye aliyekuwa gavana wakati benki ya PrivatBank ilipochukuliwa na serikali kutoka kwa Kolomoisky mwaka 2016. Kvartal wakaita jukwaani kwaya ya Veryovka, ile ile ya 1943, ikiwa na mavazi ya kiasili, na wakaugeuza wimbo wa harusi wa zamani juu ya msonobari unaowaka uwe mzaha juu ya nyumba ya mama yule. Mambo yote yaliyotajwa hapa yalikutana katika dakika zile chache: kituo cha bilionea mwenye kisasi, kampuni ya rais, kwaya inayolipwa na serikali, na wimbo wa wazee uliogeuzwa pambo la kejeli. Hasira ilikuwa kubwa, na Koshovyi aliomba radhi.

Vita kamili vya Februari 2022 vilisimamisha burudani ya kawaida. Vituo vikubwa viliungana kutoa matangazo ya habari ya pamoja saa 24. Zelensky mwenyewe, kwenye video fupi za simu kutoka mitaa ya Kyiv, alionyesha kwamba miaka ya jukwaani ilimfundisha kusema mengi kwa sekunde thelathini na kumtazama mtu machoni kupitia kioo cha kamera. Kvartal waliporudi walihamia Kiukraine. Kuhama lugha, hata hivyo, hakukuhamisha mazoea yote. Mwishoni mwa 2023 walionyesha igizo juu ya mwanamke aliyekimbia kutoka Skadovsk, mji unaokaliwa na Urusi katika mkoa wa Kherson, wakimchora kama mshamba wa kuchekwa. Watu waliopoteza makazi hawakucheka, na wengi waliowatetea walisema wazi kwamba huyu ni yule mkulima wa jukwaa la zamani, amebadilishiwa anwani tu.

Wakati huo huo, kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya Kyiv na kwenye YouTube, vijana wa vichekesho vya mtu mmoja na kipaza sauti wamejaza kumbi na kuchangisha fedha za magari na droni za jeshi. Wanazungumza Kiukraine cha mjini, chenye matusi yake na haraka yake, juu ya mkopo wa benki, talaka, ving'ora vya usiku, rafiki aliyerudi kutoka mstari wa mbele bila mguu na anayewatania wenzake wenye miguu miwili. Daktari anazungumza Kiukraine humo, na mwanasheria, na tapeli. Mambo ambayo kibali cha gavana hakikuyaruhusu mwaka 1881, na ambayo Kharkiv iliyafanya kwa miaka michache kabla ya kunyamazishwa, sasa yanafanyika kila wiki kwa tiketi zinazoisha mapema.